Mhafidhina wa Chumba cha Chini

Bwana Ödön Szentirmai hapendi lifti,
hapendi kahawa ya kikombe cha karatasi,
hapendi kura yangu, na ameniambia hivyo
kila uchaguzi, miaka kumi na mmoja,
huku akinimegea keki ya lozi.

Kazi yetu nyaraka: yeye mkuu, mimi msaidizi,
chini ya ukumbi wa mji, ukingoni mwa Tisza,
ambako theluji ikiyeyuka huko milimani
mto huja kubisha ukuta kama mdai.

"Mimi mhafidhina," husema. "Neno lenyewe latosha.
Ahifadhiye. Wewe, Csenge, wataka kupaka nyumba rangi.
Mimi nataka kwanza kujua
nguzo ipi imebeba paa."
Kisha huhesabu nguzo zake: ndoa, kengele za kanisa,
shamba lenye hati, na mfalme,
ingawa mfalme hatuna.

Jumanne akashuka Meya Kertes.
Mtu wa chama chake Bwana Ödön,
chama alichokipigia kura hata kilipokuwa
watu tisa chini ya mwavuli mmoja.
Utepe wa bendera kifuani, karatasi mkononi.

Akasema: mwacha mila ni mtumwa.
Mzee akaitikia kwa kichwa.
Akasema: wengi wape.
Mzee akangoja methali imalizike.

Haikumalizika. Karatasi ikawekwa mezani:
jaji wa wilaya. Mhariri wa gazeti la kurasa nne.
Mwalimu wa muziki, kwa sababu ya jina la mumewe.
Wale wanawake wanaogawa supu pale stesheni.
"Tunataka majalada yao. Mama zao ni kina nani,
fedha zao zatoka wapi.
Taifa limeingiwa na wadudu, Bwana Ödön.
Sisi tunalihifadhi."

Neno lake lile. Nililiona likimpita usoni,
kama mtu aliyekutana sokoni
na koti lake lililoibwa,
limevaliwa, limefungwa vifungo vyote.

Hakujibu. Alikwenda hadi rafu ya mwisho,
yenye harufu ya gundi na mikojo ya panya,
akashusha jalada la mwaka hamsini na moja.
Nyota nyekundu juu ya gamba
imefifia, imebaki rangi ya ufizi.
Akasoma, sauti kavu ya mtu asomaye bei za viazi:
"Taifa limeingiwa na wadudu. Majina ni haya yafuatayo."
Jina la tatu lilikuwa Szentirmai.
Kinyozi. Watoto wanne.

Meya akacheka kidogo. "Wale walikuwa wakomunisti."

"Ndiyo. Nimewachukia maisha yangu yote.
Nilidhani naichukia rangi yao.
Kumbe nilikuwa naichukia orodha."

Nilitaka apige meza. Nilitaka hotuba,
nikaitunza, niwasimulie wenzangu wa mrengo wangu
kwamba hata huyu amekuja kwetu.
Hakuja kwetu. Alifungua mtoto wa meza,
akatoa fomu namba saba:
jina la mwombaji, sababu ya ombi, saini ya jaji.

"Jaji yumo kwenye orodha," Meya akasema.
"Basi itabidi mumwombe kwa adabu."

Barua ya kumstaafisha ilifika Ijumaa,
mistari mitatu ya sifa, na saa ya ukutani
ambayo haikuwa na betri.
Alirudisha funguo kwa kuhesabu, moja moja,
akanitaka nitie saini, nami nikatia.
Mlangoni akageuka. Nikadhani ni wosia.
"Ile sketi," akasema, "si ya ofisini."

Bado nampinga: kwa sketi, kwa mfalme, kwa ndoa.
Bado sijui kama mwezi wa nne
atawapigia tena kura walewale.
Nimechapa fomu namba saba, nakala mia mbili.
Leo asubuhi mto umepanda, ukuta unatoka jasho.
Napandisha masanduku rafu moja juu,
nikianza na lile la hamsini na moja.