Rasimu ya Tozo

Mimi ndiye niliyeichapa. Mara nne.
Mara ya kwanza kibali cha duka la bangi
kilikuwa dola hamsini.
Mara ya pili mia tano, maana Mheshimiwa Kahasha
alisema bangi si nyanya.
Mara ya tatu mia tano, "kwa noti zisizopasuka."
Mara ya nne umeme ukakatika nikiwa kwenye neno mwombaji,
nikabaki gizani nalo,
nikilitafuna: lugha yetu haina haya,
anayejaza fomu na anayenyoosha kopo mlangoni mwa kanisa
imewapa jina moja.

Mvua ya Kadutu haibishi hodi.
Ilishuka na udongo mwekundu hadi kizingiti cha komini,
tukainua miguu kama watoto darasa likidekiwa,
tukaendelea na Kifungu cha Tisa:
duka liwe mita mia tatu kutoka shule.
Papa Mushamalirwa, mpimaji, alicheka hadi akakohoa.
"Mia tatu za kupanda, au za kwenda pembeni?
Hapa shule imekalia paa la kanisa,
kanisa limekalia paa la baa.
Nyoosha kamba uone, utapima hewa."
Nikaandika: mita mia tatu.
Kipimo kitaelezwa baadaye.

Kifungu cha Kumi: mwombaji alete picha nne,
cheti cha tabia njema kutoka polisi,
na hati ya kiwanja.
Kiwanja! Mwezi wa nne nyumba ya shangazi yangu
ililala Kadutu ikaamkia bondeni,
na hati yake ikiwa safi ndani ya plastiki.

Nyuma kabisa, karibu na ndoo ya kukinga paa linalovuja,
alikaa M'Cibalonza, kopo la maziwa ya unga mapajani.
Barua ilimwita mdau.
Barua zote za zamani, nazo nilizichapa mimi,
zilimwita mtuhumiwa.

Akasimama. Hakusema dawa, hakusema maendeleo.
Alitoa koponi kamba ya mgomba,
nyeusi kwa moshi, mafundo matupu,
ndefu kuliko meza yetu.
"Kila Alhamisi fundo moja.
Elfu mbili kwa askari wa kona,
elfu tatu akija na mkubwa wake.
Hili nene ni siku walipomchukua Cirimwami wangu:
miezi kumi na minne,
na chakula cha gerezani nilipeleka mimi.
Mnasema leo mnaanzisha tozo.
Mnaanzisha risiti.
Hesabuni basi, mtoe kwenye hizo mia tano,
halafu mniambie nani anamdai nani.
Na hicho cheti cha tabia njema,
nikimkuta yule yule wa Alhamisi dirishani,
nimlipe kwa kamba au kwa benki?"

Mheshimiwa Kahasha akarekebisha tai.
Akasema kamba si hati ya kihasibu.
Hakuna aliyemjibu, hata mvua ilipungua kidogo.
Papa Mushamalirwa, aliyeishi kwa kamba maisha yake yote,
aliivuta taratibu, fundo kwa fundo, midomo ikicheza.
Akafika mia nane na kitu, akapotea,
akaanza upya.

Kikao kiliahirishwa hadi umeme urudi.
Rasimu iko nami, ndani ya droo isiyofunga vizuri.
Ila fomu, hiyo ilishapitishwa: franka elfu tano.
M'Cibalonza alilipa kwa noti laini kama kitambaa,
nikamkatia risiti, namba sifuri sifuri moja.
"Andika na saa," akasema.
Nikaandika: saa tisa na robo.
Akaipuliza wino ukauke, akaikunja, akaitia koponi.

Kisha akashika ncha ya kamba,
akafunga fundo jingine, dogo, la haraka.
"Hili lako," akaniambia,
akatafuta viatu vyake kwenye matope.