Fundi Mwenzangu

Alianza kazi mwezi wa nane, bila hodi,
kwenye boriti ya mpaini ya banda langu, Mabatini,
pale njia inapopinda chini ya jiwe kubwa
na bati la jirani liko usawa wa magoti yako.

Tundu moja. Duara kamili.
Keekee yangu haitoboi hivyo.
Nilitoa penseli sikioni, nikapima:
ikaingia, ikatulia, kama imetengenezewa.

Mweusi ti, mnene, mkanda wa njano mgongoni,
anavuma kama jenereta ya kinyozi umeme ukikatika.
Watu humwita nyuki seremala.
Nikasema, hapa seremala ni mmoja.
Kodi ya pango nalipa mimi,
yeye hajanunua hata msumari wa inchi mbili,
na unga wa mbao anaudondosha kwenye chai yangu.

Jumamosi nikaja na mafuta ya taa.
Nilisubiri atoke. Nikamimina,
nikaziba kwa gundi na vumbi, nikapiga msasa.
Kazi safi. Usingejua palikuwa na mlango.
(Kwamba ndani mlikuwa na watoto, hilo nililijua baadaye.)
Siku mbili alirudi, akagonga palepale kwa kichwa,
kama mtu aliyetolewa vyombo nje akiwa sokoni.
Siku ya tatu, kimya.
Nilikipenda kile kimya. Nakiri.

Sasa, nyuma ya banda kuna pesheni.
Kabula aliipanda kando ya choo,
ikakwea seng'enge, ikakwea jiwe, ikazoea.
Kila msimu ndoo mbili kwenda Mlango Mmoja,
na hela ile ndiyo sare za Ng'washi, ndiyo viatu.
Mwaka ule maua yalikuja kama kawaida,
yakafunguka adhuhuri, meupe, nyuzi za zambarau,
yakasubiri.
Jioni yakajikunja.
Asubuhi nikayafagia pamoja na maranda.
Wiki nzima nafagia harusi zisizofungwa.

Kabula hakusema kitu. Alichukua unyoya wa kuku,
akapanda stuli niliyomtengenezea kwa mkono huu,
akagusa ua, akagusa jingine,
saa saba, jua lile linalochoma mawe mpaka yanalia,
jasho likimshuka hadi kwenye viwiko.
"Unafanya nini?"
"Kazi ya mtu uliyemfukuza."
Alipata matunda kumi na moja.
Niliyahesabu usiku, kwa tochi, peke yangu.

Basi. Mdudu humwombi radhi,
sijui hata ungeanzia wapi.
Nilikwenda Igogo kwa Magesa muuza kuni,
nikachagua gogo la mparachichi, kavu, laini.
Akauliza, la kuchoma nini?
Nikamjibu, la kupangisha.
Nikalitundika chini ya upenu, mvua isipofika,
tundu la kwanza nikamwanzishia kwa keekee
kama unavyommegea mgeni tonge.
Na magugu ya kando ya mfereji,
niliyokuwa nayafyeka kila Ijumaa na kujisifu,
nikayaacha yatoe vijiua vyao visivyo na jina.
Mjumbe akapita, akasema, fundi, kwako pamekuwa pori.
Nikasema, ngoja.

Miezi mitatu gogo likaning'inia kama deni.
Wadudu wa ziwani walikuja, wakatanda kama moshi,
wakapita, wakaacha mizoga kwenye taa.
Yeye, hapana.
Usiku mmoja nikapanda meza na patasi mkononi.
Gundi yangu ni nzuri; ilinichukua saa nzima
kuivunja kazi yangu mwenyewe.

Leo asubuhi naranda kitanda, futi tano kwa sita,
mninga, maranda mekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu.
Kitu kikanidondokea shingoni. Laini. Cheupe.
Unga wa mpaini.
Gogo la mparachichi liko vilevile, halina mpangaji.

Sikuinua kichwa.
Nilisogeza tu kikombe cha chai
inchi nne, kushoto.