Mpangaji wa Nyumba ya Mbele

Miaka miwili nilikaa parsele moja na meya,
pale Cimpunda, chini ya njia ya ngazi,
yeye nyumba ya mbele, yenye sakafu ya saruji,
mimi chumba cha nyuma na cherehani yangu.
Saa kumi za usiku, bomba likikohoa,
tulipanga bidoni zetu mstari mmoja,
yake ya kijani, yangu imefungwa mpira,
na mbele ya bomba hakuna mheshimiwa.
Mtu akimwita Mama Meya alicheka:
"Hapa mimi ni Nshobole, na zamu yangu ni ya sita."

Siku hizi Bukavu nzima inabishana.
Meya ajengewe nyumba ya serikali kule Muhumba,
ambako ziwa huingia dirishani bila hodi?
Fundi Cubaka anasema hapana:
kwanza mifereji, kwanza walimu walipwe,
meya naye atafute nyumba kama tunavyotafuta.
Mwalimu Zihindula anasema mji usio na nyumba ya meya
ni kama bwana arusi aliyekuja na kiti cha kuazima.
Wananiuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa jirani.
Nawaambia: ngojeni nimalize pindo hili.

Nilichokiona ni hiki.
Mwenye nyumba wetu, Birhashwirwa,
alikuwa na ukuta juu ya mfereji.
Si ukuta mbaya. Mawe mazuri, ya kuchongwa,
ila ulisimama pale maji yalipozoea kupita,
na maji, ukiyanyima njia, hayashitaki, yanangoja.
Vijana wa manispaa wakaja na rangi nyekundu,
wakapiga msalaba nyumba ya Mapendo,
wakapiga choo cha shemeji yake,
wakapiga kibanda cha mkaa,
wakafika kwetu,
brashi ikakauka.

Tulijua. Serikali ilikuwa haijamlipa meya miezi mitano,
naye hajamlipa Birhashwirwa mitatu.
Kila jioni mwenye nyumba alipita na daftari lake kwapani.
Ukuta hakuutaja hata siku moja.
Alisema tu, "Mama, hakuna haraka."
Sijasikia tena maneno matatu yenye bei kubwa hivyo.

Novemba mvua ilishuka kama mtu anayedai.
Usiku wa manane ukuta ukachoka.
Tulitoka na watoto na nguo za mwilini.
Cherehani yangu ilikwenda bondeni
na gauni la harusi la watu likiwa bado kwenye sindano.
Asubuhi Nshobole alisimama pekupeku juu ya matope,
akaniangalia, nikamwangalia,
nikakosa hata tusi la kumfaa.
Alisema, "Ntakwinja, ule ukuta niliuona kila siku nikianika nguo."

Kwa hiyo mjengeeni meya nyumba, nasema.
Si kwa heshima. Heshima haiezekwi mabati.
Ni ili asiwepo mtu wa kumwambia hakuna haraka.
Lakini msiipeleke Muhumba.
Iwekeni hukuhuku, mlima unaposhuka,
vyumba vitatu vinatosha,
bomba liwe nje ya lango,
na foleni ipite mlangoni pake saa kumi za usiku,
asikie bidoni zikigongana.
Muhula ukiisha, funguo zibaki msumarini,
mapazia yabaki, sufuria zibaki,
tutahesabu.

Cubaka anacheka mpaka anaweka mwiko chini:
"Na nani atampeleka bombani
akishapewa tanki la serikali?"
Hilo sina jibu. Nimekaa nalo tangu Jumapili.

Nshobole si meya tena. Amepanga Bagira.
Kila mwisho wa mwezi hunitumia faranga kwa simu,
za cherehani, kidogo kidogo,
ingawa hakuna aliyemwandikia deni.
Nami humjibu: zimefika.
Kwamba hakuna haraka,
sijawahi kumwandikia.