Pale Jani Linaponata

Hotelini Cebu menyu yetu ina kurasa tatu.
Kiswidi: viganja virefu kuelekea moyoni,
kama unayarudisha maji mtoni.
Kithai: mkunje mteja, mnyooshe, mvute mguu
mpaka nyonga ialike.
Kijapani ni dole gumba, na subira.
Mawe ya moto ni ya wenye fedha.
Nyayo ni za wanaoona haya kuvua shati.

Nina vyeti vinne ukutani.
Nimemlaza rubani
aliyekuwa hajapata usingizi tangu Jumatatu.
Nimeifungua shingo ya kijana
anayepokea simu za Wamarekani usiku kucha;
akageuka kulitazama dirisha, akacheka:
alikuwa amesahau kwamba shingo hugeuka.

Kisha ujumbe wa kaka yangu:
Mama. Kiharusi. Upande wa kulia.

Meli hadi Ormoc, basi hadi Tacloban,
halafu daraja la San Juanico,
refu kama deni.

Basey hakuna asiyemjua Teopista.
Wasuka mikeka huinama tangu alfajiri juu ya nyasi za tikog,
jioni humjia wamepinda kama ndoana.
Hakuwa na menyu.
Mafuta ya nazi katika chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi,
jani la mgomba lililopitishwa motoni,
basi.
Jani hulitelezesha mgongoni. Likipita, salama.
Likinata, hapo ndipo baridi ilipojificha,
na hapo ndipo huchua.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilimwambia:
Linanata kwa sababu ya jasho, Mama. Ni fizikia.
Akasema: Jasho nalo lina linakotoka.

Nilimkuta mkekani, mdomo umeteremka upande,
mkono wa kulia umewekwa juu ya mto
kama mzigo wa mgeni.
Nikaanza nilivyofundishwa:
vidole, kifundo, kiwiko, kuelekea moyoni.
Daktari alisema, mnyooshe kila siku,
misuli isije ikasahau.
Nikamnyoosha siku tisa.
Mkono ukapata joto, uvimbe wa vidole ukapungua,
usiku akaacha kulia.
Sitasema mkono uliamka. Haukuamka.

Siku ya kumi nilikwenda nyuma ya nyumba na kisu.
Nikalipitisha jani juu ya makaa
mpaka kijani chake kikakolea, likalegea.
Nikalipaka mafuta. Nilijihisi mjinga.
Mgongoni, likateleza.
Begani, likateleza.
Kwenye bega bovu pia, likateleza.
Kiunoni, nilipopanga miezi tisa bila kodi,
likateleza.

Nikafika viganjani.
Nililitarajia linate kwenye cha kulia.
Likanata kwenye cha kushoto,
kile kizima.
Nikalivuta. Likang'ang'ania.

Mganga hajigangi, watu husema,
kisha huenda zao, migongo imenyooka.

Nikaushika mkono ule mzima.
Sikukumbuka jina la mtindo wowote.
Dole gumba katikati ya kiganja,
nikazungusha polepole,
kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya unga.
Chini ya sugu kulikuwa na vifundo vidogo, vigumu,
labda kimoja kwa kila mgongo wa Basey.

Mama akaguna.
Akauchomoa mkono.
Nikadhani nimemuumiza.
Akalishika dole gumba langu,
akalisogeza upana wa punje ya mchele,
akalibonyeza.

Hapo.

Tulikaa hivyo mpaka akakoroma.

Mlangoni kukabishwa hodi.
Leonila, msuka mikeka, kashika kiuno,
hakujua kama bado kuna mtu.
Mama akafumbua jicho moja,
akanitazama,
akaitazama ile chupa.

Nikanawa mikono.
Sikumuuliza Leonila anataka saa nzima au nusu.