Siku ya Pili, Wodi ya Wazazi

Nesi Generoza kanidunga tumboni,
sindano fupi, yawasha kama siafu.
“Damu isigande. Sasa shuka, utembee.”

Mama mkwe akanivutia shuka hadi kidevuni:
“Mwenye mshono hulala. Wapi umeona?”

Nikamuuliza habari za Minza, dada yake,
aliyelala siku nne bila kukanyaga chini,
mguu mmoja ukajaa kama kibuyu,
kisha pumzi ikakatika akiomba uji.

Hakujibu. Alitazama dirishani.
Huku juu Bugando ziwa lote unaliona:
magugumaji yamesongamana langoni mwa gati,
kivuko kimesimama, kinapiga honi, hakipiti.

Akavua kandambili zake, akanivisha.
Mkono wake kiunoni mwangu, wa baridi.

“Kitanda cha kwanza,” akahesabu. “Cha pili.
Usisimame, Kabula. Usisimame.”