Nukta ya Kijani

Zamani ofisi ya nyumba ilikuwa na meza,
na meza ilikuwa na mtu.
Ukiwa na paa linalovuja ulimwendea Ifor Prosser,
dirisha la pili, chini ya kalenda ya raga,
naye aliweka biskuti za tangawizi kwenye droo
kwa yeyote atakayeanza kulia.

Kisha meza zikawa za kuwekewa nafasi.
Ishirini na mbili kwa watu hamsini,
wa kwanza kubofya ndiye wa kwanza kukaa,
sisi wengine tubaki nyumbani, mvua ya Welisi ikigonga kioo,
majiko yetu yamegeuka matawi ya halmashauri.
Sikatai, mwanzoni nilifurahi.
Niliokoa nauli. Nilianika nguo mchana.
Kisha nikaanza kula kwa mkono mmoja,
wa pili uko juu ya kipanya,
maana ukikaa dakika tano bila kugusa kitu
ile nukta kando ya jina lako inageuka manjano
na mtu fulani, ghorofa fulani, anahesabu.

Ifor alikuwa na akili zake.
Alichukua saa ya mkononi ya babake, mchimba makaa,
saa ya kutiwa ufunguo kila asubuhi,
akakilaza kipanya juu ya uso wake.
Kila mshale wa nukta ulipopita
kishale kwenye skrini kilitikisika kidogo,
kama mtu anayejigeuza usingizini.
"Nukta inalisha nukta," alituambia akicheka,
akaenda kunywa chai ameketi,
kikombe kwa mikono miwili.

Wiki ya Ustawi wa Wafanyakazi ilitukuta na kesi mia nne.
Tulitumiwa barua pepe yenye picha ya ziwa.
Tukaalikwa kujifunza kupumua,
Jumatatu, saa sita hadi saa sita na robo,
mahudhurio ni lazima.
Vuta pumzi, alisema mwalimu, shusha mabega.
Tukayashusha.
Ifor hakuwasha kamera, lakini alikuwapo.
Kijani.

Alikuwapo kijani alasiri ile.
Alikuwapo kijani usiku kucha, jambo ambalo
taarifa ya wiki ililipongeza.
Jumanne, yapata saa nne asubuhi,
akawa manjano,
na mashine, si mtu, mashine, ikamwandikia:
Bado upo?

Eluned wa malalamiko hakuwahi kumpenda.
Ndiye aliyewasha gari.
Alimkuta sakafuni,
mdomo umekwenda upande, macho yanaona.
Mezani saa ilikuwa imesimama
kwa kukosa wa kuitia ufunguo.

Amepona nusu. Mkono wa kulia haumtii.
Nilipokwenda hospitali aliniuliza, neno moja moja
kama anayeokota shanga,
"Paa... la Bi Pugh?"
Nikasema limezibwa.
Halijazibwa.

Mkuu wa idara ametoa waraka:
ni marufuku kuweka chochote chini ya kipanya.

Siku hizi, saa tatu usiku, nampigia Eluned,
naye humpigia Gethin,
Gethin humpigia yule kijana mpya wa hesabu
ambaye hakuna aliyewahi kuiona miguu yake.
Hatuna la kuzungumza.
Umekula?
Nimekula. Wewe je?
Nimekula.
Basi.
Halafu naizima mashine,
nalitazama jina langu likigeuka kijivu,
nami ningali hapa.