Risiti ya Damu

Fomu ilikuwa na mistari kumi na saba.
Jina la mama: Tusekile.
Jina la mtoto: nikaacha wazi,
bado yumo tumboni, anabisha kwa kisigino.
Mmiliki wa sampuli: hapo kalamu ikagoma.
Damu inayobaki kitovuni ni ya nani?
Ya aliyeitoa, ya aliyeipokea,
au yangu mimi, niliyeuza viazi vya Isyonje
gunia arobaini, lumbesa zote,
kabla bei haijapanda?

Daktari hakunidanganya.
Alichora duara, akalikata kama chapati:
robo, alisema, robo tu ya bahati
kwamba ya mdogo itamfaa mkubwa.
Mkubwa ni Lusajo. Ana miaka sita na selimundu.
Baridi ikishuka kutoka Loleza
mifupa yake huijua kabla ya kuku.

Alizaliwa alfajiri, Julai, vioo vikitoa jasho.
Mkunga Atuganile akabana, akakata,
kisha akageukia kile tunachokitupa siku zote.
"Usikamue," akamwambia mwanafunzi wake.
"Iache ishuke yenyewe."
Ikashuka
katika mfuko mdogo kama wa maziwa ya mgando.
Damu ni nzito kuliko maji, husemwa.
Hii ilikuwa mililita themanini na mbili.

Kijana wa bodaboda akaikumbatia hadi Songwe,
ndani ya boksi, chini ya koti,
akiendesha kama aliyebeba mayai ya watu.

Mama mkwe akapiga kutoka Tukuyu:
"Jembe liko mgombani tangu jana.
Kitovu mmeniachia,
au nacho mmekipeleka benki?"
Siku ya saba nilimpelekea, kikavu,
ndani ya kiberiti.
Alichimba, akafukia, akakanyaga mara mbili.
Hakunipa risiti.

Sasa kila Julai simu hulia: lipia hifadhi.
Nalipa. Viazi vikioza, nakopa, nalipa.
Huko iliko, wanasema, ni baridi
isiyowahi kufika hata Kitulo;
na baridi, adui wa mwanangu,
ndiyo niliyomwajiri kuwa mlinzi.

Jana Lusajo alimtazama Anyosisye akitambaa,
akaniuliza:
"Baba, ile damu yake,
kule inatetemeka?"

Nikamvisha soksi ya pili,
kisha ya tatu.